Hundi ya Dirham Elfu Kumi

Hundi zilinifikia Majengo, Mombasa, mwezi wa Novemba 2024, ndani ya bahasha ya kaki aliyokuja nayo binamu yangu kutoka Dubai. Zilikuwa nne: moja ya Novemba, nyingine za Februari, Mei na Agosti, kila moja dirham elfu kumi. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa wino mweusi bila kosa, na pembeni mistari miwili ya mshazari, maana yake pesa hizi haziguswi dirishani, lazima ziingie katika akaunti ya mwenye jina. Kwa hesabu ya hapa kwetu hundi moja ilikuwa kama shilingi laki tatu na nusu. Nilizipanga mezani nikazitazama. Nyumba ya Dubai ni yangu, mpangaji kalipa kwa wakati, na mimi sina pa kuziingiza. Benki yangu ya Mombasa haikutaka hata kuzishika.

Nilifanya kazi ya uuguzi Dubai miaka 12, toka 2010 hadi 2022. Mwaka 2016 nilinunua studio International City, upande wa majengo ya Morocco: chumba kimoja, jiko na bafu, kwa dirham 300,000, na juu yake asilimia 4 ya Idara ya Ardhi. Sheria ya Dubai ya 2006 inamruhusu mgeni kumiliki nyumba moja kwa moja katika maeneo yaliyotengwa, na International City ni mojawapo. Nilipoacha kazi ukaazi wangu ulifutwa, kitambulisho cha Emirates kikafa, na akaunti ya mshahara ikafuata. Kulikuwa na visa ya mwenye nyumba, lakini ilitaka mali isiyopungua dirham 750,000. Yangu ilikuwa mbali na kiasi hicho.

Basi kwa miaka miwili kodi yangu ilipitia akaunti ya wakala. Sitaki kusema mengi juu yake. Nitasema tu kwamba kuna kodi niliyoambiwa iko njiani kwa miezi mitatu, na ilipofika haikuwa nzima. Mkataba ulipoisha nikaamua: hundi ziandikwe jina langu. Dubai mpangaji hutoa hundi za mwaka mzima siku ya kutia sahihi, zenye tarehe za mbele, na mkataba husajiliwa katika mfumo wa Ejari. Neno hilo ni Kiarabu, lina maana ya "kodi yangu", na sisi tunalo kwa sura ya ijara. Hundi huishi miezi sita tangu tarehe yake. Ile ya kwanza ingekufa mwisho wa Aprili.

Benki kadhaa za kule nilizoziandikia zilijibu karibu jambo moja. Akaunti ya asiye mkaazi inawezekana, ya akiba tu, bila kitabu cha hundi, na mwombaji afike mwenyewe. Alete pasipoti, hatimiliki ya nyumba, taarifa za akaunti ya nyumbani za miezi sita, barua ya benki yake, ushahidi wa pesa zilikotoka, na ushahidi wa anwani anapoishi.

Hayo mengine niliyamaliza kwa siku nne. Hilo la mwisho lilinichukua wiki saba.

Nilianza na umeme, maana ndio wanaoutaja: bili ya umeme. Sisi tunatumia tokeni. Unalipa kwa simu, zinakuja tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, taa zinawaka. Bili haipo, na ujumbe wa simu haukutaji mtaa wala mlango. Maji tunanunua madumu kwa mkokoteni. Barua zangu zote tangu shuleni huja kwa S.L.P. ya shule ya msingi aliyofundisha dada yangu mkubwa. Dada amestaafu na sanduku bado ndilo letu.

Nikafikiria ardhi. Hapo ndipo nilipokaa kitako. Nyumba ninayoishi aliijenga baba yangu: nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, uwa nyuma. Kaijenga juu ya kiwanja cha mtu mwingine, kama walivyojenga majirani wote. Wenyeji wa Mombasa wanaujua mtindo huu, nyumba bila ardhi. Hatimiliki za pwani zilitokana na sheria ya 1908: waliodai na kuandikishwa wakawa wenye ardhi, na waliokuja baadaye wakakodi mahali pa kujenga. Baba alilipia kiwanja kila mwezi mpaka alipofariki, na sisi tunaendelea. Risiti tunazo, kitabu baada ya kitabu. Juu yake kuna jina la baba na namba ya shamba zima, ambalo juu yake kuna nyumba nisizoweza kuzihesabu. Yetu haimo popote.

Nilitoa hatimiliki ya studio nikaiweka kando ya zile risiti. Ile ya Dubai ina Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, jina langu, ukubwa wa chumba kwa mita za mraba, namba ya jengo, ghorofa, mlango. Nimezaliwa katika nyumba hii ya Majengo na sikuwa na karatasi moja ya kuonyesha kwamba ninalala humu.

Nikaenda kwa chifu. Alinipokea vizuri, akaniuliza kuhusu mama, akachukua karatasi yenye nembo akaandika kwa mkono kabla ya kumpa karani apige chapa. Aliandika kwamba ananifahamu tangu utoto, kwamba naishi katika nyumba ya marehemu baba yangu nyuma ya msikiti, nyumba ya tatu baada ya mkahawa. Akagonga muhuri. Barua hiyo nikaipeleka benki yangu ya Mombasa na kuwaomba waingize mahali hapo katika kumbukumbu zao, ili taarifa ya akaunti itoke na mtaa badala ya sanduku la shule. Ilikuwa nenda urudi, mara meneja yuko mkutanoni, mara ombi limetumwa Nairobi. Ilipotoka hatimaye nikapanda treni kwenda Nairobi mwenyewe, karatasi zikathibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu. Kila muhuri na bei yake.

Niliruka mwishoni mwa Januari 2025, moja kwa moja kutoka Mombasa. Flydubai walianza safari hiyo Januari ya mwaka uliotangulia. Ilikuwa kaskazi imekaza. Ni upepo ule ule uliowaleta mabaharia wa Ghuba bandari yetu ya kale na majahazi yao ya tende na mazulia, wakingoja kusi iwarudishe kwao na boriti za mikoko. Binamu yangu anakaa Deira, nikafikia kwake.

Benki ya kwanza ilikuwa safi na baridi. Nilichukua namba, nikangoja, nikaitwa. Binti aliyenihudumia alikuwa na adabu na alisoma kila ukurasa. Alipofika kwenye anwani akasimama.

"Jina la barabara, bi?"

Nikamwambia mtaa.

"Namba ya nyumba?"

Nikamwonyesha barua ya chifu, nyumba ya tatu baada ya mkahawa. Aliisoma mara mbili. Aligeuza kompyuta nione mwenyewe: kisanduku kilichokuwa wazi kilizungushiwa mstari mwekundu, na kitufe cha kuendelea kilikuwa kimefifia. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaangalia pasipoti, akaangalia barua, akasema Kenya inahitaji uchunguzi wa ziada, na kwa anwani hii hawezi kuupeleka mbele.

Uchunguzi wa ziada una sababu yake, na ni vizuri tuijue badala ya kudhani tunadharauliwa. FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya utakatishaji wa pesa, kina orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ile inayoitwa orodha ya kijivu. Falme za Kiarabu ziliingizwa humo Machi 2022 na kutolewa tarehe 23 Februari 2024. Tangazo la siku hiyo hiyo ndilo lililoiingiza Kenya. Nchi iliyotoka jana ndani ya orodha hiyo haitaki kurudi, na benki zake zinamkagua kila anayetoka katika nchi iliyobaki. Mtu wa Mombasa mwenye hundi ya kodi analipia udhaifu wa usimamizi wa pesa nchini kwake, ambao yeye hana mkono ndani yake. Nililielewa hilo, na bado nilitoka pale macho yamenijaa.

Jioni nikaenda Khor, ile hori ya Dubai, nikapanda abra, mashua ya kuvushia watu, kwa dirham moja kuvuka hadi Bur Dubai, bila shughuli yoyote ng'ambo. Kando yangu alikaa mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya Kiomani. Simu yangu ililia, nikazungumza na dada yangu. Nilipokata, mzee akanigeukia.

"Wa Mombasa wewe, mwanangu?"

"Naam. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi wa Malindi, Unguja. Tulitoka sitini na nne, nami mtoto mdogo."

Nikamweleza kilichonileta. Alisikiliza mpaka abra ikagusa ng'ambo, na watu wakaanza kushuka. "Baba yetu alipofika Muscat hakuwa na karatasi hata moja," akasema. "Akasimama mtu wa ukoo, akasema huyu namjua, ni mtoto wa fulani. Ikatosha." Akanishika bega. "Barua ya chifu wako nayo ndiyo hiyo. Usiitupe. Ipeleke kwingine."

Nikaipeleka kwingine. Benki ya pili, asubuhi ya pili yake, nilimkuta afisa wa makamo aliyeanza na pesa badala ya anwani. Ulipata wapi dirham 300,000? Hapo nilikuwa tayari. Nimekaa na karatasi za mshahara wangu tangu mwezi wa kwanza wa kazi ndani ya sanduku la bati lililokuwa la mama, na nilizibeba za 2010 hadi 2016 zikiwa zimefungwa kwa utepe, pamoja na risiti za malipo ya nyumba. Alizihesabu kwa kidole. Akaniomba PIN ya KRA kwa ajili ya fomu ya kutangaza ninakolipia ushuru. Nikatia sahihi mara tatu, na ya pili ilipokuja tofauti kidogo akanipa karatasi nyingine bila kusema neno.

Kisha anwani. Aliisoma barua ya chifu, akaisogeza karatasi tupu mbele yangu na kalamu.

"Nichoree."

Nikachora. Barabara, msikiti, mkahawa, kichochoro, nyumba moja, ya pili, yetu. Kenya tumezoea kuchora ramani za namna hii kwenye fomu za shule na za kazi, mkono ulikuwa unajua. Aliitazama, akasema kwao Kerala nyumba hujulikana kwa jina lake la ukoo, na posta huleta barua kwa jina hilo. Akaandika mahali pa namba ya nyumba jina la baba yangu. Mahali pa barabara akaandika nyuma ya msikiti, akafuatisha jina la mtaa, na 80100 Mombasa. Kisanduku kikakubali. Akaambatisha barua, taarifa ya akaunti yenye mihuri, na ile ramani yangu, akatuma juu.

Nilikaa Deira siku tisa za kazi nikingoja. Waliniuliza mara mbili zaidi kwa simu, mara moja kuhusu jina la katikati. Siku ya kumi ulikuja ujumbe wenye namba ya akaunti, herufi AE na tarakimu 21 baada yake. Niliteremka benki, nikaingiza hundi ya Novemba. Kesho yake pesa zilikuwa ndani. Ya Februari ilikuwa imefikia tarehe yake, nikaiingiza pia, na zile mbili nikamwachia binamu aziingize kila moja siku yake.

Kabla ya kurudi nilikwenda International City kumsalimu mpangaji, kwa metro hadi Centrepoint, kituo ambacho sisi wa zamani tunakiita Rashidiya, kisha basi. Kwenye mlango wa jengo kuna kibao kidogo cha Makani, mfumo wa anwani wa manispaa ya Dubai. Kila mlango wa jengo una tarakimu zake 10. Ukiziandika kwenye simu, gari la wagonjwa, zimamoto au mleta chakula anafika mlango huo huo. Nilikuwa nimepita kando ya kile kibao miaka yote niliyoishi pale na sikuwahi kukisoma.

Nawaomba wanaotutawala, wa kaunti na wa taifa, wapite Majengo na Kisauni na Likoni na makopo ya rangi. Wazipe nyumba zetu namba, zenye ardhi na zisizo na ardhi. Na wewe uliye Ghuba leo ukisoma haya, chukua karatasi zako za mshahara, uzifunge utepe, uziweke mahali pakavu.