Mactan: Kisiwa cha fimbo, helmeti na hadithi za vita

Ndege nyingi zinazokwenda Cebu, nchini Ufilipino, hazitui Cebu kwenyewe. Hutua Mactan, kisiwa kidogo cha jirani kilichounganishwa na Cebu kwa madaraja. Mji uliopo hapo unaitwa Lapu-Lapu, jina la chifu aliyepigana na kikosi cha meli za Hispania katika ufuko huo Aprili 27, 1521.

Ukipita hotelini na kuelekea upande wa mikoko, utafika kwenye bustani ya kumbukumbu ya vita hiyo. Kuna sanamu kubwa ya shaba ya Lapulapu, ana upanga na ngao. Hatua chache kutoka hapo upo mnara wa zamani zaidi, uliojengwa mwaka 1866 wakati wa utawala wa Hispania, kumkumbuka Ferdinand Magellan, nahodha aliyeuawa siku ile. Mshindi na aliyeshindwa wanakumbukwa katika uwanja mmoja, na familia huja na watoto wao kupiga picha kwa wote wawili.

Eneo hili la Cebu ndilo pia moja ya vitovu vya mchezo wa kupigana kwa fimbo. Wengine huuita eskrima, wengine kali, lakini jina la kisheria ni arnis. Mwaka 2009 Ufilipino ilipitisha sheria ya kuufanya arnis kuwa mchezo wa taifa, na kuagiza uingizwe katika somo la elimu ya viungo. Kwa hiyo mtoto wa shule wa Ufilipino anaweza kujikuta ameshika fimbo mbili kama wa kwetu anavyojikuta na mpira wa miguu.

Tuanze na fimbo yenyewe. Ni henzirani, mmea wa jamii ya mnazi, ila hautengenezi shina la kusimama. Hupanda juu ya miti kwa miiba yake. Fimbo ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 70 na unene unaojaa ngumi ya mtu mzima. Mwanzi una uwazi ndani na ukipasuka hutoa vipande vikali. Henzirani imejaa nyuzi ndani, hivyo ikichoka hufumuka taratibu kama kamba kuukuu. Fimbo mbili zikigongana kwa kasi hutoa mlio mkavu na harufu ya mti uliochomwa.

Zoezi moja maarufu huitwa sinawali, yaani kusuka, neno linalotokana na sawali, kuta za nyumba za mianzi iliyosukwa. Wawili husimama uso kwa uso, kila mmoja na fimbo mbili, na fimbo zinapishana kushoto na kulia kama mikono ya mama anayesuka mkeka. Kwa mtoto ni zoezi zuri la macho, mikono na kuhesabu pamoja na mwenzake.

Lakini shabaha ya kwanza ya mchezo huu ni mkono wa mpinzani. Wafundishaji husema wanamng'oa nyoka meno: ukiupiga mkono ulioshika silaha, silaha inaanguka. Ndiyo maana mimi, ninayeandika habari za afya, niliziangalia glavu kabla ya medali.

Historia ya vifaa inaeleza mengi. Klabu maarufu ya Doce Pares ilianzishwa Cebu mwaka 1932. Nyingine, Balintawak, ilianza mwaka 1952 na kuchukua jina la mtaa ilikofanyia mazoezi. Katika zama hizo walikuwepo wazee waliokutana kwa changamoto bila kinga yoyote, na simulizi za mapambano hayo bado zinapendwa. Mashindano ya leo yana helmeti yenye wavu wa chuma usoni, koti zito lenye sponji na glavu nene. Hata hao wanaosimulia ushujaa wa wazee huwavalisha watoto wao helmeti.

Alichokiona Pigafetta

Simulizi inayopendwa kuliko zote ni kwamba Lapulapu alimshinda Magellan kwa ufundi wa fimbo, wakiwa wawili tu. Mtaliano Antonio Pigafetta alikuwepo vitani na akajeruhiwa, kisha akaandika alichokiona. Anasema mashua hazikuweza kufika ufukweni kwa sababu ya miamba, hivyo watu 49 walitembea majini, maji yakiwafika mapajani. Walikuwa na kinga za chuma kifuani na kichwani. Wenyeji waligundua kwamba miguu iko wazi, wakailenga. Magellan alipigwa mshale wenye sumu mguu wa kulia. Baadaye alikatwa mguu wa kushoto, akaanguka kifudifudi, na kundi la watu likammalizia.

Pigafetta hakutaja jina la aliyempiga, wala hakuandika habari ya fimbo za henzirani. Alichokiacha ni somo la vifaa: kinga iliyofunika nusu ya mwili iliwaonyesha maadui pa kupiga.

Watu wasiosikia risasi

Simulizi nyingine inatoka kusini, kisiwa cha Jolo, nyumbani kwa Waislamu wanaoitwa Wamoro. Marekani iliingia Ufilipino mwaka 1898 na ikapigana na Wamoro hadi mwaka 1913. Wanajeshi wake walirudi na habari za juramentado, neno la Kihispania lenye maana ya aliyekula kiapo. Inasemekana mtu huyo alijifunga kamba mikononi na miguuni ili damu isitoke haraka, akapokea risasi za bastola ya .38 bila kuanguka, akafika na kisu chake. Ndiyo sababu, simulizi inamalizia, Marekani ilitengeneza bastola ya .45.

Kuna ukweli ndani yake. Askari walilalamikia bastola ya .38, na bastola za zamani za .45 zikarudishwa kazini. Mwaka 1904 Kanali John Thompson na daktari wa jeshi, Louis LaGarde, walifanya majaribio ya risasi kwa ng'ombe hai na maiti za watu, wakashauri ukubwa usipungue .45. Bastola mpya ilipitishwa mwaka 1911, vita ikiwa karibu kwisha.

Kitabibu, mtu kutoanguka papo hapo si uchawi. Risasi isipogusa ubongo au uti wa mgongo, mwili uliojaa hofu na hasira unaweza kuendelea kwa muda mpaka damu ipungue. Huyo mtu anakufa. Hajawa wa chuma. Na Machi 1906, huko huko Jolo, jeshi la Marekani lilivamia kasoko ya mlima Bud Dajo walikokuwa wamekimbilia Wamoro. Mamia waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto. Risasi ziliwaingia kama zinavyomwingia mtu yeyote. Simulizi ya mtu asiyesikia risasi ilisimuliwa zaidi na wenye bunduki, na inarahisisha kusahau walioko kwenye kasoko ile.

Ipo pia ile ya wanamaji wa Marekani wanaoitwa shingo za ngozi. Wapenzi wa mchezo huu hudai kwamba walivaa ukosi wa ngozi ili Wamoro wasiwakate shingo. Tarehe zinakataa. Ukosi huo ulikuwa sehemu ya sare kuanzia mwaka 1798 na ukaondolewa mwaka 1872, miaka 26 kabla Marekani haijaingia Ufilipino.

Mzazi aangalie nini

Watoto wanapenda hadithi za mashujaa, na hakuna haja ya kuwanyima. Shida inakuja pale mtoto anapoamini kwamba jasiri haumii, halafu akaona aibu kuvaa glavu au kusema kidole kinauma. Ukipata klabu ya fimbo, ya arnis au mchezo mwingine unaofanana nao, angalia haya kabla ya kulipa ada.

Fimbo. Mtoto anayeanza apewe iliyofunikwa sponji au henzirani nyepesi. Ufilipino hutumia pia miti mizito kama bahi na kamagong. Hiyo inavunja mfupa na si ya watoto kupigana nayo. Fimbo iliyofumuka nyuzi au kupasuka iwekwe kando, kwa sababu kijiti kimoja kinatosha kuharibu jicho.

Uso. Helmeti iwe na wavu ambao ncha ya fimbo haiwezi kupita, na isicheze mtoto akitikisa kichwa. Miwani ya kawaida ya kusomea si kinga. Meno nayo yanahitaji kinga yake.

Mikono. Glavu ifunike vidole hadi ncha, pamoja na kifundo cha mkono. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha zake, ambako ndiko hurefukia. Ikiumia bila kutibiwa, kidole kinaweza kukua kikiwa kimepinda. Kidole kilichovimba, kilichopinda au kinachouma hata siku ya pili kipelekwe hospitali kupigwa picha. Kisivutwe wala kukandwa na mtu wa mtaani.

Kichwa. Aliyepigwa kichwani asirudi mchezoni siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akichanganya maneno au akisinzia kuliko kawaida, mpeleke hospitali mara moja.

Mwisho, msikilize mwalimu anavyowajibu watoto wanaosema wameumia. Akisimamisha zoezi na kuangalia, huyo anaijua kazi yake. Akiwaambia mashujaa wa zamani hawakulia, chukua mwanao mrudi nyumbani.