Mama Alipoacha Sindano

Nataka kuwaeleza kosa tulilolifanya nyumbani kwetu hapa Kivukoni, ili nyumba nyingine isilirudie.

Mama yangu ana kisukari. Kila siku alijichoma sindano ya insulini, na jioni alimeza kidonge cha kupunguza lehemu, yaani mafuta ya damu. Friji hatuna, dawa ya sindano tuliitunza katika chungu kilichowekwa juu ya mchanga wenye maji. Wakati wa kuvuna mpunga akasema, "Mwanangu, sina kiu wala uchovu. Mtu mzima ajichome kwa nini?" Nami nikamkubalia, maana nauli ya kwenda Ifakara kufuata dawa iliniuma. Hilo ndilo kosa langu.

Siku moja alichomwa na kisiki shambani, asisikie maumivu. Kidonda hakikupona, kikaoza. Hospitalini alikatwa vidole viwili vya mguu.

Nikamwuliza mganga, "Sukari yawezaje kuozesha mguu?" Akanijibu kwa mfano wa jiko.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno, na karibu kila chembe ina jiko lake. Kuni zake ni sukari na mafuta. Hewa ya oksijeni huwasha moto. Moto huo hutoa cheche, na mwili una maji yake ya kuzizima. Kuni zikizidi, cheche huzidi maji, zikaunguza chembe yenyewe. Basi chembe za nyama na za mafuta hungoja insulini iwafungulie sukari mlango. Lakini za macho, figo, mishipa midogo na neva hazingoji. Sukari ikijaa katika damu, huingia tu. Ndiyo sababu huko huharibika kwanza, na mguu hufa ganzi. Insulini huipeleka sukari mahali pake, na cheche hupungua.

Lehemu nayo ikijipenyeza katika kuta za mishipa, huunguzwa na cheche zile zile, ikafanya magamba yazibayo njia ya damu. Kidonge cha Mama kilitokana na kazi ya Mjapani Akira Endo, ambaye mwaka 1973 aligundua dawa ya namna hiyo katika ukungu. Hulizuia ini lisitengeneze lehemu nyingi. Tena wataalamu wameona kwamba hupunguza cheche katika kuta za mishipa.

Nikauliza kama vidonge vya vitamini vyatosha kuzima cheche. Akasema la: vitamini E ilijaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa, nayo haikuwakinga na maradhi ya moyo. Dawa ni kupunguza kuni, si kumwaga maji.

Ndugu, kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye kisukari cha kukosa insulini alikufa tu. Leo dawa ipo, nasi twaiacha kwa kuona tu nafuu! Nafuu hiyo huletwa na dawa yenyewe. Asiache mtu wala asijiongezee bila neno la mganga. Asijichome kisha akakosa kula. Na kila jioni atazame nyayo zake.

Yoshua bin Sira atufundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba. Mama sasa anajichoma tena, na nauli natoa mimi, bila kunung'unika.