Adui Aliye Chini ya Jani: Bustani za Jikoni Mjini Kigali

Mgeni aingiaye Kigali huona kwanza vilima, na juu ya vilima nyumba zilizopangika. Mji huu, ulioanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, leo umeenea katika wilaya tatu: Nyarugenge, Kicukiro na Gasabo. Lakini afikaye pembezoni mwa Gasabo hukuta migomba, maharagwe na viazi vitamu, na karibu na mlango wa nyumba bustani ndogo ya mboga. Wanyarwanda huiita akarima k'igikoni, yaani kishamba cha jikoni. Humo ndimo kitoweo cha watoto hutoka.

Mboga za bustani hiyo hazikuumbwa bila kinga. Jani la bilinganya lina vinyweleo vyenye umbo la nyota, na mishipa yake ni migumu. Jani la boga likikatwa hutoa utomvu unaonata na kuganda upesi. Hata hivyo, yuko mdudu azijuaye kinga hizo: buu wa mbawakawa wa jamii ya Epilachna, mwenye rangi ya manjano na miiba yenye matawi mgongoni.

Huyu hashindi kwa nguvu, bali kwa utaratibu. Katika bilinganya hukaa upande wa chini wa jani, akijishikiza kwa miguu sita na kwa ncha ya mkia. Huikwepa mishipa, akakwangua nyama laini iliyo kati yake na kuiacha ngozi ya juu, hata jani likabaki kama wavu. Katika maboga, baadhi ya jamii hiyo hukata kwanza mfereji wa mviringo, kisha hula kilichomo ndani ya duara, mfano wa askari akataye maji ya ngome kabla ya kuivamia. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walieleza kuwa mfereji huo huzuia sumu chungu ya mmea. Utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kizuiwacho hasa ni utomvu, ambao ungeyagandisha mataya ya mdudu.

Kwa mwenye bustani, funzo ni kuwahi. Samaki mkunje angali mbichi. Kila asubuhi majani yageuzwe. Mayai ya manjano yaliyosimama kwa mafungu yapondwe, na mabuu yatiwe katika maji ya sabuni. Mboga iliyonyunyiziwa dawa hungoja siku zilizoandikwa kwenye chombo ndipo ichumwe. Iliyosafishwa kwa mkono huliwa jioni ile ile.

Tahadhari moja yafaa. Wako mbawakawa wengine wa mviringo wenye madoadoa, ambao migongo yao hung'aa. Wengi wa hao hula vidukari, nao ni walinzi wa bustani. Mla majani mgongo wake haung'ai, kwa kuwa umefunikwa na vinyweleo vifupi. Watoto wafundishwe tofauti hiyo, wasije wakamuua mlinzi na kumwacha mwizi.