Tulishuka Pwani Kutafuta Klasi ya Saba

Wengi wenu mmekuwa mkituuliza chini ya mwembe pale shuleni: "Mwalimu, tukirudi pwani, mtoto akasome wapi?" Si swali la kujibu kwa dakika mbili. Basi mwezi wa saba mwaka 2025 sisi walimu wawili wa kujitolea tulishuka na mama mmoja wa hapa kambini, pamoja na binti yake wa miaka 13, tukaone kwa macho yetu. Mama huyu alitoka Mocímboa da Praia mwaka 2020, binti akiwa na miaka minane. Alikuwa klasi ya sita, na mwaka wa kufuata angeingia ya saba.

Kwanza hiyo klasi ya saba yenyewe, maana hapo wengi tunachanganyikiwa. Zamani ilikuwa ya shule ya msingi. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 2018, msingi unaishia klasi ya sita, na ya saba ni mwanzo wa sekondari. Ilianza kuhamishwa mwaka 2023, lakini shule nyingi za msingi ziliendelea kuifundisha kwa sababu sekondari hazikuwa na nafasi. Kwa hiyo ukifika mji wowote usiulize tu sekondari iko wapi. Uliza klasi ya saba inasomwa jengo gani, na zamu gani. Kisheria masomo ni bure mpaka klasi ya tisa. Vitabu vya bure, hata hivyo, ni vya msingi. Vya sekondari, sare na daftari, hayo ni yako mzazi.

Tulipanda shapa Mueda alfajiri, baridi imetubana, watu wamejifunika vitenge mpaka kichwani. Ukiteremka mlima kuelekea Diaca joto linakupanda taratibu, vitenge vinafunguliwa kimoja kimoja. Awasse tulisimamishwa, karatasi zikatazamwa, tukaendelea. Binti hakusema neno njia nzima. Alipoiona minazi ndipo akauliza, "Mama, hii ndiyo kwetu?" Mama akasema, ngoja kwanza.

Mji huu ulikaa mikononi mwa wale watu wa porini tangu Agosti 2020 hadi Agosti 2021, majeshi ya Rwanda na ya Msumbiji yalipouchukua. Tulikuta nyumba hazina mabati, mpapai umeota sebuleni mwa mtu. Lakini soko lilikuwa limejaa, na Milamba, mtaa wa wavuvi, ulikuwa unanuka samaki kama zamani. Mama alicheka peke yake. Kaka yake amerudi, ana mashua, na kiwanja chao kipo. Kwa moyo wake angehamia siku ileile.

Sisi tukamwambia, haya, tutembee mpaka shule. Tukamtanguliza binti, tukafuata mwendo wake yeye, maana mtu mzima anayepima njia ya mtoto kwa miguu yake mwenyewe anajidanganya. Njia haikuwa fupi. Shida kubwa zaidi ilikuwa jua. Huku kwetu mwezi wa saba linazama saa kumi na moja na dakika chache. Mtoto wa zamu ya mchana anatoka shule giza linaingia, na huyu ni msichana, na njia ina magofu. Tangu siku hiyo, mzazi akituuliza shule nzuri ni ipi, sisi tunaanza na zamu.

Jambo jingine hatukulifikiria kabisa. Watoto wa Milamba walimsemesha binti kwa Kimwani, naye akajibu Kimakonde, lugha aliyocheza nayo miaka mitano huku juu. Wakacheka, wakamwita wa bara. Kaona haya mpaka machozi, na hao ni watoto wa mtaa aliozaliwa! Kiswahili ndicho kilichowapatanisha jioni, kwenye mpira. Darasani ni Kireno kwa wote.

Siku ya pili tulionyeshwa nyumba pembeni mwa mji, bei nafuu, machamba karibu. Ilitupendeza, tusiwafiche. Palma hatukufika, dada yake mama yupo kule na alieleza kwa simu kwamba vibarua vipo ila chumba ni ghali mno. Kazi za gesi zilisimama mwaka 2021, na mwezi wa Novemba 2025 kampuni ikatangaza kuondoa zuio. Hatutegemei kodi ishuke.

Karatasi nazo zilitutoa jasho. Shule moja tuliyoingia, mtu wa mapokezi alitazama barua yetu ya kambini akasema haina muhuri, hawezi. Mama akatoa mfuko wa nailoni: sédula ya binti imeungua ukingo, na ripoti moja tu ya zamani. Tulirudi Mueda, ofisi ya elimu ya wilaya ikatupigia muhuri. Basi msishuke mikono mitupu. Sédula, ripoti zote, na barua ya uhamisho yenye muhuri, mapema, kabla ya matrikula. Sisi tunaandika barua hizo kila Jumamosi.

Halafu ikaja Septemba 2025. Wale watu waliingia tena Mocímboa usiku, wakaua watu ndani ya mtaa. Mama alikaa wiki mbili bila kutaja habari ya kurudi. Sisi hatukumsukuma wala kumzuia. Nyumba ya pembeni hakuitaja tena.

Mwishoni alipanga chumba kimoja katikati ya mji, nyuma ya nyumba ya shangazi yake, karibu na shule. Ni kidogo, na bahari haionekani. Kiwanja cha Milamba amemwachia kaka yake, naye huwapelekea samaki. Wapo waliomwona mjinga, ana kiwanja chake na bado analipa kodi. Sisi tunaona alihesabu vizuri.

Barua ya binti ililetwa na dereva wa shapa. Mistari miwili Kireno, iliyobaki Kiswahili. Yuko zamu ya asubuhi. Anaomba daftari lake la hesabu lililobaki kwenye sanduku la shule. Tumelipata, linaondoka na gari la kwanza.