Likizo yangu ya kufunika vyungu

Mlimani, Jumapili usiku

Najua nimepotea. Likizo ndefu niliimalizia nyumbani Matambarale, kule Ruangwa, ambako mtandao unaupata ukipanda juu ya kichuguu, halafu nimerudi chuo nimekuta ratiba imekaa vibaya na boom halijatoka. Mlioniuliza nilikuwa nafanya nini miezi miwili, jibu ni kwamba nilikuwa nafundisha watoto kufunika vyungu. Msicheke kwanza.

Ilianza na watoto wa jirani, kama kumi na wanne hivi. Wengine wako la sita, wengine wamemaliza mtihani wa la saba mwezi wa tisa na wanasubiri majibu. Enzi za babu zetu umri huu ulikuwa wa shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Basi nikawauliza joto husafiri kwa njia ngapi. Wakajibu kwa pamoja, kama kwaya: mpitisho, msafara na mnunurisho! Safi kabisa. Nikauliza tena: sasa uji wa mama ukipoa, kati ya hao watatu nani kauiba moto wake? Kimya. Hata kuku alinyamaza.

Hapo nikaona kazi ipo. Na kazi yenyewe haikuwa ya kubuni. Huu ni msimu wa korosho, kina mama wanatoka alfajiri, mashamba ni mbali, na uji uliopikwa saa kumi na moja watoto wadogo wanaunywa saa tatu, saa nne, umeshakuwa kama gundi. Kuwasha moto upya ni kuni, na kuni zinafuatwa mbali kuliko zamani. Nikawapa sharti: kila kundi litengeneze kitu cha kutunza moto wa uji kwa saa tatu, wasitumie zaidi ya shilingi mia tano, vingine vyote waokote. Themometa nilikuwa nayo moja tu, ya kwangu ya maabara, nililala nayo kama mtoto mchanga.

Makundi manne. Moja likachukua sufi, maana misufi ipo. La pili maganda ya karanga. La tatu nyasi na magazeti. La nne, vijana wajuaji, wakachagua mchanga. Hoja yao ilikuwa nzito jamani: mchanga saa nane unaunguza nyayo, maana yake unashika joto, kwa hiyo utashika na la uji. Mie nikanyamaza. Tukachemsha maji, lita mbili kila sufuria, tukaanzia kwenye nyuzijoto 95, na sufuria moja tukaiacha uchi pembeni ya kulinganishia.

Baada ya saa tatu iliyoachwa uchi ilikuwa 51. Sufi 77. Maganda ya karanga 68, nyasi na magazeti 70. Mchanga? 47. Yaani mchanga ulishindwa hata na sufuria isiyovaa kitu! Kelele zilizopigwa pale, utadhani Simba na Yanga.

Ila kilichonifurahisha ni hao wa mchanga kukataa kushindwa. Walikaa chini ya mwembe wakabishana mpaka jua linazama. Wakagundua wenyewe kwamba mchanga kweli unashika joto, lakini uliwekwa ukiwa baridi, kwa hiyo kwanza ulijinywea la kwake kutoka kwenye maji. Sufi haina tabia hiyo, ni nyepesi, ndani imejaa hewa iliyonaswa isiyoweza kutembea, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Kesho yake wakaukaanga mchanga kwenye karai kwanza ndipo wakaufukia sufuria. Wakapata 66. Mimi CoET nilifundishwa usanifu wa kihandisi kwa michoro ya masanduku na mishale: tambua tatizo, buni, jaribu, rekebisha. Nilikariri desa nikafaulu. Hawa waliufanya bila kujua una jina.

(Kwa njia, maganda ya karanga yalinikumbusha Nachingwea, majirani zetu. Waingereza walikuja na mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, na Nachingwea, pamoja na Kongwa na Urambo, ilikuwa sehemu yake. Wakajenga hadi bandari Mtwara na reli. Udongo ukawa mgumu, mvua haikufuata ramani, mitambo ikachakaa, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Kundi la mchanga lingewashauri wajaribu kidogo kwanza.)

Sasa niwaambie kuhusu binti mmoja, wa kundi la sufi. Siku ya nne kaniuliza: kaka, kama kapu linatia joto, tukiweka barafu humo si itayeyuka upesi? Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu mmoja aliyekuwa anapita (shule siitaji) akasema swali kama hilo kwenye mtihani halipo, na akaniambia pembeni kwamba nawapotezea watoto muda. Binti akainamisha kichwa, na siku iliyofuata hakutokea.

Ndugu zangu, mie nilikosa usingizi. Mnamjua Erasto Mpemba? Kidato cha tatu Magamba Sekondari, Lushoto, mwaka 1963, wanatengeneza aisikrimu. Nafasi kwenye friji ni chache, akaona atakosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyopozwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, bado wakamcheka. Mpaka alipokuja Dk. Denis Osborne kutoka hapa hapa, enzi hizo Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza swali lake, wenzake wakacheka, lakini yule bwana alirudi Dar akaenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na leo dunia nzima inasema athari ya Mpemba. Wanasayansi hadi sasa wanabishana kama inatokea kweli na kwa sababu gani. Mwaka 2016 kuna waliopima wakasema hawaioni. Sawa, wabishane, ndiyo kazi yao. Mimi namuwaza yule kijana kama Osborne naye angecheka.

Basi nikaenda kwao binti. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikaeleza. Mama yake akanitazama: "Chuo kizima hicho umeenda kujifunza kufunika sufuria?" Nikasema ndiyo mama, na bado sijamaliza. Akacheka, akamruhusu. Tulinunua barafu za mfuko mbili dukani, moja juani kwenye sahani, nyingine ndani ya sufi. Ya kwanza ilikwisha hata hatujamaliza kupiga soga. Ya sufi tuliifungua saa mbili baadaye bado ina jiwe la barafu katikati. Binti akakaa kimya, halafu akasema polepole: kumbe kapu halitii joto, linazuia lisipite, upande wowote. Hakuna aliyecheka.

Yeye ndiye aliyeleta mbaazi. Mbaazi zetu mnazijua, zinakula kuni kutwa. Aliziloweka usiku, akazichemsha nusu saa, akazifukia kwenye sufi. Mara ya kwanza zilitoka ngumu na sufi imelowa mvuke. Akaweka nailoni kati ya sufuria na sufi, akabana mfuniko kwa jiwe, akachemsha dakika kumi zaidi. Zikaiva. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania. Gesi ikifika Matambarale vizuri sana, na kapu litaipunguzia hiyo gesi matumizi.

Siku ya mwisho tukaongea kuhusu kinywe, haya madini meusi ya kwetu yaliyoleta watu wa mbali na magari yao. Watoto wanajua yanachafua mikono. Hawakujua kwamba risasi ya penseli zao ni hiyo hiyo kinywe, wala kwamba inapitisha joto sana na haiyeyuki kirahisi, ndiyo maana hutengenezewa vyungu vya kuyeyushia vyuma. Kinyume kabisa cha sufi. Mmoja akauliza, kwa hiyo mama akipika kwenye chungu cha kinywe halafu akakifukia kwenye sufi? Nikamwambia aandike, tutajaribu.

Matokeo ya la saba bado. Binti ananipigia kwa simu ya mama yake kila Jumamosi, anasema kapu sasa yako sita kijijini, na wanabishana nani mfuniko wake hauvuji. Tatizo ni themometa, wanapima kwa kidole. Kama kuna anayejua duka la Kariakoo linalouza za bei poa, zinazofika nyuzijoto 100, aniambie kabla ya Ijumaa. Kuna mtu anasafiri kwenda Ruangwa na basi la alfajiri.