Utani Una Watani Wake

Mtani ana ruhusa ya kulala kaburini. Sisi Wanyamwezi na watani zetu Wazaramo tunalijua hilo. Wafiwa wameshakauka machozi, jeneza limeshafika, halafu mtu mmoja anatumbukia ndani ya shimo na kutangaza kwamba hapa hazikwi mtu mpaka alipwe. Ataiga marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akikopa, alivyokuwa akirudi usiku kutoka kilabuni. Mjane ataambiwa kwamba Mungu ni mwema, sasa atapata mwanamume mwenye sura. Maneno hayo yangetoka kinywani mwa mtu mwingine, yangefikishwa baraza la kata kabla ya arobaini. Yakitoka kwa mtani, mjane anacheka huku analia, na aliyekuwa karibu kuzimia anapata pumzi.

Nimelelewa katikati ya ndimi za namna hiyo, kwa hiyo mimi si mtu wa kununa ovyo. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na matusi ya kumfanya dereva wa lori ashuke njiani. Labda ndiyo maana hunikera kila mwanamume anapomrushia mwanamke kauli ya hovyo kazini au barabarani, kisha akikatazwa anakimbilia palepale: "Aa, dada, utani tu. Mbona mkali?" Anadai haki ya mtani wakati si mtani wa mtu.

Utani una masharti yake. R. E. Moreau, Mwingereza mtaalamu wa ndege aliyeishi Amani kwenye milima ya Usambara, aliacha ndege zake kwa muda akaandika juu ya utani wa Tanganyika miaka ya 1940, na wasomi wengine wakafuata. Sehemu ya chimbuko lake ni vita. Wangoni, kwa mfano, wana utani na makabila waliyowahi kupigana nayo. Sehemu nyingine ni safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka na pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo walipita katika nchi za watu, wakahitaji maji, chakula, na pengine mahali pa kumzika mwenzao aliyefia njiani. Watu ambao wangeweza kuchinjana wakakubaliana kuchokozana. Nikipita kwako nitakamata kuku wako bila kuomba; ukija kwangu kamata wangu, sitauliza. Na mtani hakai bure. Huyo anayemzomea mjane ndiye aliyechimba kaburi tangu alfajiri, ndiye aliyeteka maji, na usiku ndiye atakayelala nje na wafiwa kwenye jamvi. Ulimi wake ameulipia kwa mikono yake.

Kwa hiyo kuna zamu, na kuna deni. Hata Simba na Yanga, ambao magazeti hayachoki kuwaita watani wa jadi, wanaishi kwa sheria hiyohiyo. Aliyefungwa leo anavumilia kuzomewa wiki nzima kwa sababu anajua mechi nyingine inakuja.

Nilikuwa na mwenzangu katika ofisi moja jijini Dar es Salaam, mhasibu hodari, mtaratibu. Alipopandishwa cheo, mkuu wa idara alimpongeza mbele ya kikao: "Hebu tupe siri, siku ya usaili ulivaa nini?" Chumba kizima kikacheka. Yeye pia alicheka, tena alicheka kwa sauti, akaziba mdomo kwa mkono kama mtu aliyefurahi. Ikawa ndiyo mazoea. Akileta hesabu zimekamilika, alisaidiwa na nani? Akiwa kimya, mwezi umeandama. Akiomba ruhusa kumpeleka mtoto kliniki, huyo mtoto anafanana na nani hapa ofisini?

Siku moja mkuu alichelewa kikao, akaingia anahema, shati limekunjamana. Yule dada akasema kwa upole, bila hata kuinua macho kwenye makaratasi: "Shikamoo bosi. Mama alikufungia nje tena?"

Hakuna aliyecheka. Kiyoyozi ndicho kilichosikika. Baada ya kikao aliitwa pembeni na ofisa utumishi kuzungumza juu ya nidhamu na mipaka ya heshima kazini. Kauli yake ilikuwa nyepesi kuliko zote alizowahi kutupiwa. Haikugusa mwili wa mtu wala uhalali wa mtoto. Lakini mipaka, ambayo kwa muda wote ule haikuwa na mwenyewe, ghafla ikapata mlinzi.

Tangu hapo nimeacha kubishana na watu juu ya maneno gani yanaruhusiwa na yapi ni makali mno. Nimeshasikia maneno machafu yasiyomuumiza mtu na maneno safi yaliyomfanya mtu aombe uhamisho. Ninachotazama ni nini kitampata anayetaniwa akirudisha mpira. Akirudisha na kicheko kikaendelea, watu wako kwenye utani. Akirudisha na kikao kikanyamaza, basi kile kilichokuwa kikiitwa utani kilikuwa amri iliyochekeshwa kidogo ili imezeke.

Na kile kicheko cha mhasibu kisichukuliwe kuwa ushahidi. Wanaume wengi huniambia, "Mbona mwenyewe alicheka?" Alicheka, ndiyo. Kucheka ndiyo nauli ya bei rahisi kuliko zote ya kufika salama mwisho wa kikao. Kukasirika kunagharimu zaidi, maana mwanamke aliyekasirika mbele ya watu anageuka yeye kuwa kichekesho kinachofuata.

Panda daladala utaona jinsi kipimo hiki kinavyofanya kazi, tena katika hali ya kushangaza. Konda wa Mbagala hana adabu ya ofisini. Atamwambia mama mwenye nyonga pana alipe siti mbili. Lakini mama yule ni muuza samaki anayetoka Feri na beseni lake, na kabla konda hajamaliza kucheka atakuwa ameshaelezwa juu ya miguu yake kama njiti, juu ya mdomo wake, na juu ya sababu za mchumba wake kuondoka. Gari zima linaangua kicheko, konda anashika kichwa, "Yaishe mama, yaishe," na mama anashushwa kituo chake kwa heshima, beseni linapokewa. Sitasema hiyo ni tabia njema ya kufundishia watoto. Ila pale kuna usawa ambao sikuuona kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Sasa mama ameshuka, na mlangoni amesimama mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye sare, ambaye konda kila asubuhi anaweza kumpandisha au kumwacha kituoni, kwa sababu nauli yake ni ndogo. Konda anamwambia neno lilelile juu ya nyonga. Binti anatazama viatu vyake. Neno halijabadilika hata herufi, lakini hapa hakuna utani wowote, na abiria wanajua, ndiyo maana wengi wanageukia dirishani. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inatambua kwamba mtu anaweza kunyanyaswa kijinsia kwa maneno, si kwa mkono tu. Sijawahi kumsikia abiria akimkumbusha konda sheria hiyo, na nikiwa mkweli sidhani binti angependa itajwe kwa sauti. Angependa tu mtu mzima mmoja aseme, "We konda, huyo mtoto."

Nasema mtu mzima, sisemi mwanamume, kwa sababu jambo hili halina jinsia moja. Agosti 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwapongeza vijana wa kiume wa chini ya miaka 23 waliorudi na kombe la CECAFA, aligusia wanasoka wa kike: kwamba wana vifua bapa, ukiwatazama unaweza kudhani ni wanaume, na kwamba ndoa kwa wengi wao ni kama ndoto. Kwa haki, alikuwa akielekea kwenye hoja ya huruma, kwamba wachezaji hawa wanaliletea taifa sifa na baadaye, miguu ikichoka, maisha yao yanakuwaje? Lakini njia aliyopitia kufika kwenye huruma hiyo ilikuwa miili yao. Wanaharakati walilalamika, wanasiasa wakalalamika. Wachezaji wenyewe wangesema nini? Mchezaji wa timu ya taifa anamrudishiaje mpira Rais wa nchi? Mwaka uliofuata Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India. Wapo wanaosema hilo ndilo jibu. Mimi naona ni jibu ghali mno kudaiwa mtu kwa sababu ya kifua chake.

Utaniambia wanaume nao wanataniwa. Wanataniwa sana. Kijana anayelelewa na mwanamke ni Marioo. Mwenye maneno mengi yasiyo na vitendo ni mwanaume suruali. Jirani yangu mmoja, mtu mzima mwenye akili timamu, huanika nguo za watoto Jumamosi mkewe akiwa dukani, na mtaa mzima umeshaamua kwamba amelishwa limbwata. Lakini chunguza mizaha hiyo imebeba nini. Kosa la mwanamume huyu ni lipi? Ni kwamba amefanana na mwanamke kwa kufua, kwa kutunzwa, kwa kusikiliza. Hata mwanamke akiwa hayupo kwenye sentensi, ndiye kipimo cha aibu. Na mzaha wa limbwata unafanya kazi kuliko sheria yoyote ya Bunge, kwa maana namjua mtu aliyeacha kuanika nguo mchana. Huanika usiku.

Wanawake wa pwani walilielewa zamani suala la kujibu. Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyeingia mji wa Unguja akiuza vyungu, alichekwa kwa umaskini wake na kwa sura yake alipoanza kupata jina. Alijibu kwa wimbo, na sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928 wakati waliomcheka hawakujulikana hata Ng'ambo. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili kitabu. Kanga na mipasho ya taarabu vimeendeleza mchezo huo: ukinisema barazani, nitavaa jibu langu niende nalo sokoni, nawe huwezi kunishtaki kwa nguo. Ninaipenda sana akili hiyo. Ila inahitaji jukwaa, au angalau pesa ya doti moja ya kanga, na mara nyingi anayeumbuliwa ni mke mwenza, si bwana aliyewachonganisha.

Kuna mahali sina uhakika napo kama nilivyo na uhakika na ofisi. Babu kumwita mjukuu wake "mke wangu", shemeji kutaniana na mdogo wa mkewe. Huo ni utani wetu halali, na mimi niliitwa mke wa babu mpaka nikaolewa, nikalia kwenye mazishi yake kama mjane kweli. Naukumbuka kwa furaha. Lakini najua pia nyumba ambamo ushemeji ulitoka mdomoni ukahamia mikononi, na binti alipolalamika, wakubwa walimjibu kwamba huyo ni shemeji yako, anakutania. Wazee wa zamani walikuwa na faini kwa mtani aliyevuka. Siku hizi tumebaki na ruhusa, faini tumeisahau.

Mwaka jana tulimwoza binti wa dada yangu. Katika kamati ya harusi, baada ya ukumbi na mapambo, tukafika kwa mshereheshaji. Kijana mwenye kipaji, anajulikana mjini. Tulikuwa tumemwona kwenye harusi nyingine akimpima bibi harusi kwa macho mbele ya wakwe, akimwambia bwana harusi kwamba mzigo ukishatoka dukani haurudishwi. Dada yangu akamwambia bila kuzunguka: mwili wa mwanangu usiutaje, na ndoa yangu mimi iliyovunjika usiitaje. Kijana akakuna kichwa. Hakukasirika, alikuwa na wasiwasi wa kweli wa kazi yake: "Sasa mama, nitachekesha na nini?"

Mweka hazina, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akamsogezea daftari la michango. Majina, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilicholipwa. "Chekesha na hili."

Alichekesha. Aliwataja kina baba wadogo na wajomba waliosimama kikaoni wakaahidi laki tano kwa sauti nzito kisha wakaleta udhuru, akaiga ile sauti nzito, akaiga simu isiyopokelewa. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mama mkwe alifuta machozi ya kicheko kwa leso ya mezani.

Jumapili iliyofuata, kwenye kikao cha kuvunja kamati, mmoja wa wajomba alisimama kudai aombwe radhi. Ameaibishwa mbele ya wakwe. Dada yangu akamwambia, "Utani tu, kaka, mbona mkali?" Mjomba akasema hapana, utani gani huo ambao mtu mmoja ana kipaza sauti na mwingine ana sahani ya pilau mapajani, atajibu saa ngapi? Mweka hazina aliiandika hoja yake kwenye muhtasari neno kwa neno, na mstari wa chini yake akaandika kiasi anachodaiwa.