Land Rover ya Mjomba na ada yangu

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya wiki mbili kama redio iliyoishiwa betri. Ni test mfululizo, pamoja na kazi ya kikundi ambayo kama kawaida kikundi chenyewe kilikuwa mimi na jirani yangu wa chumba. Leo nilipanga niwasimulie kisa cha foleni ya kafeteria, lakini hicho kitasubiri. Kuna jambo la nyumbani limeninyima usingizi.

Juzi saa tatu usiku simu ikaita. Mjomba, kutoka Masuguru. Mjomba si mtu wa kupiga simu hovyo, akipiga ujue kuna msiba au kuna ng'ombe hajaonekana.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Vizuri. Sasa sikiliza, wewe si uko chuo kikuu? Nitafutie huko kwenye mitandao yenu. Hii Land Rover ni gari au ni kimeo?"

Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Kuna bwana mmoja kutoka Arusha alifika kijijini, akaiona, akaizunguka mara tatu, akapiga picha mpaka chini ya uvungu, halafu akataja bei. Siitaji hapa maana kuna ndugu wanasoma, ila ingelipa ada yangu mpaka nimalize na chenji ikabaki. Na hali yangu mnaijua. Mkopo niliopangiwa haufiki ada yote, na ile tofauti hutoka Masuguru, kwa mahindi na kwa hiyo hiyo Land Rover. Kwa hiyo nakiri mapema kabisa: mpelelezi wenu ana maslahi binafsi kwenye kesi hii.

Kwa wasiopajua kwetu, Masuguru ni huku ambako mtu akikwambia anakwenda mjini inabidi umuulize kama ni Korogwe au Handeni. Siku hizi lami ipo kwenye barabara kubwa, lakini ukiiacha lami na kuingia ndani, masika bado ni masika. Udongo ule ukilowa, pikipiki inabebwa na mwenyewe badala ya yeye kubebwa nayo.

Gari lenyewe ni 109, ile ndefu, Series III. Mjomba aliipata kwenye mnada mwaka 1996, ilikuwa ya mradi fulani uliokwisha muda wake. Hizo namba za Land Rover nilikuwa nadhani ni nguvu za injini, kumbe ni inchi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. 88 ni fupi, 109 ni ndefu, na ile "wan-ten" tunayoiimba kila siku ni inchi 110. Nimefika mwaka wa pili wa chuo bila kujua hilo, na nimepanda hilo gari toka sijajua kutembea.

Basi nikaacha takwimu zangu, nikasoma Land Rover mpaka saa nane usiku.

Kumbe ilianza kama mambo ya shida tu. Kampuni ya Rover kule Uingereza ilikuwa inatengeneza magari ya kistaarabu ya wenye nazo. Vita ya pili ikaisha, chuma kikawa cha mgawo, na serikali ikawa inawapa chuma wale wanaouza nje kwanza. Injinia mkuu wao, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwa cha Anglesey, Wales, na shambani alitumia jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani. Mwaka 1947 wakaanza kujaribu la kwao, la mkulima, la kufanya kila kazi. Bodi wakatengeneza kwa aluminiamu kwa sababu chuma hakikutosha, wakati aluminiamu ya viwanda vya ndege ilikuwepo. Hata ile rangi ya kijani ya mwanzo inasemekana ilikuwa rangi ya ndege iliyobaki. Tarehe 30 Aprili 1948 wakalionesha Amsterdam. Walidhani ni la kuvusha miaka michache ya dhiki. Mwaka 1976 wakatoa la milioni moja.

Hapo kwenye aluminiamu nilisimama kidogo. Mjomba siku zote husema bodi ya Land Rover "haili kutu", na ni kweli, ila chesisi ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma kwenye unyevu, aluminiamu yenyewe ndiyo inaliwa, inageuka unga mweupe. Ule unga nilikuwa nauona chini ya milango utotoni nikidhani ni unga wa mahindi umemwagika. Sicheki peke yangu, chekeni na nyinyi.

Huku kwetu ziliingia enzi za mkoloni, halafu uhuru ukazikuta. Bwana shamba, polisi, wamisionari, wapima ardhi, wote Land Rover. Kenya wakawa wanaziunganisha wenyewe Thika toka miaka ya sabini. Mtu wa kijijini alikuwa haulizi gari aina gani limekuja, anauliza limemleta nani.

Halafu zikapotea. Mjomba husema Wajapani walituroga, lakini nilivyosoma mimi, hapakuwa na uchawi. Rover ilijikuta ndani ya British Leyland mwaka 1968, na Leyland yenyewe ikayumba mpaka serikali ya Uingereza ikaichukua 1975. Migomo viwandani, wateja wanasubiri gari muda mrefu, injini ni zile zile. Toyota Land Cruiser ikaingia na injini kubwa na spea zinazofika. Na sisi Tanzania ndiyo tukatoka vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, fedha za kigeni hakuna, spea hakuna. Gari la Kiingereza linalotaka spea kila mwezi ungelifanyia nini? Wenye mradi wakahamia Toyota. Wasio na mradi wakabaki na Land Rover na mafundi wao, na hapo ndipo mafundi wetu walipojua kukereza, kuchomelea na kubuni. Kufikia ile "mkonga" ya miaka ya themanini na tisini, kesi ilikuwa imekwisha.

Sasa swali la Mjomba lenyewe. Kuna kampuni ya Kimarekani, J.D. Power, kila mwaka inawauliza wenye magari ya miaka mitatu wataje matatizo waliyoyapata, halafu inahesabu matatizo kwa kila magari 100. Ripoti ya 2023: Lexus, ambao ni Toyota wale wale, matatizo 133. Wastani wa soko 186. Land Rover 273. Ya mwisho kabisa. Mwaka 2020 pia ilikuwa ya mwisho. Nikasema basi, kesi imekwisha, uza gari Mjomba, nilipe ada nilale.

Lakini wanaojaza fomu hizo wanalalamikia nini? Sehemu kubwa ya malalamiko kwa magari yote siku hizi ni vioo vya kompyuta pale mbele, simu kugoma kuungana na gari, mambo ya namna hiyo. Gari la Mjomba lina swichi nne, na moja haijulikani kazi yake. Na Land Rover za leo si kampuni ile. Ilipita kwa BMW 1994, kwa Ford 2000, na toka 2008 ni ya Tata wa India. Defender ya zamani, mjukuu wa gari la Mjomba, ya mwisho ilitoka kiwanda cha Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya zaidi ya milioni mbili. Defender mpya inatengenezwa Slovakia na haina chesisi ya ngazi kama ile. Kumuuliza mwenye Range Rover wa Texas habari za 109 ya Masuguru ni sawa na kumuuliza mpangaji wa ghorofani habari za kuezeka nyasi.

Hata hivyo nisidanganye. Wenye Land Rover za zamani nao wana orodha yao, na Mjomba anaijua kwa moyo. Oili inavuja. Mvua ikinyesha ndani kunanyesha pia. Hafu shafti za nyuma, zile za zamani, zinakatika ukizidisha mzigo au ukikurupusha klachi. Na hapo kwenye hafu shafti ndipo kisa changu kilipo.

Masika ya 2010, mimi darasa la kwanza. Mama yangu mdogo alishikwa na uchungu usiku, mvua inanyesha toka mchana. Tukapakiwa wote, na mimi nikiwemo kwa sababu hakukuwa na wa kuniachia, safari ya Korogwe hospitali. Kabla hata ya kufika barabara kubwa, kwenye korongo, tukasikia "ta!" kama bunduki. Magurudumu ya nyuma yakawa hayana habari tena. Mjomba alikuwa ameweka hafu shafti ya bei rahisi kutoka duka fulani la mjini, tena mchana ule ule alikuwa amepakia magunia kupita kiasi. Kwa hiyo msilaumu gari.

Alishuka na tochi mdomoni. Akafungua bolti sita pale katikati ya gurudumu, akachomoa kipande, akaziba tundu kwa mfuko wa plastiki na mpira wa baiskeli. Ekseli ya nyuma ya Land Rover imeundwa hivyo, uzito unabebwa na gamba lake, hafu shafti kazi yake ni kuzungusha tu, kwa hiyo ukiitoa gurudumu halitoki. Kisha akaingiza foo-wili, na zile mbili za mbele zikatuvuta wenyewe. Nusu saa haikufika. Mama mdogo alikuwa anapiga kelele nyuma, Mjomba anamjibu "tayari dada, tayari," na mimi nimeshika spana namba kumi na saba kama bendera.

Mtoto alizaliwa Korogwe alfajiri. Sasa hivi yuko sekondari na ananiomba bando.

Sasa niambieni, usiku ule kwenye ripoti ya J.D. Power ungeandikwaje? Gari liliharibika: ndiyo. Tatizo moja. Na wangekuwa sahihi. Lakini ningependa kuona gari la kisasa limekufa kwenye korongo lile, saa sita usiku, na mtu mmoja mwenye spana alifufue. Land Cruiser isingekatika, nakubali, na ndiyo maana kila mwenye hela huku anaipenda. Mjomba hakuwahi kuwa mwenye hela. Alichokuwa nacho ni gari linaloharibika kwa namna anayoiweza.

Niliporudi kwake na majibu alisikiliza mpaka mwisho, zile 133 na 273 zote. Kisha akauliza swali moja tu.

"Hao walioulizwa, magari yao yana miaka mingapi?"

"Mitatu, Mjomba."

"Mitatu!" Akacheka mpaka akakohoa. "Hilo bado linanuka duka."

Nikadhani amekwisha amua. Kumbe yule bwana wa Arusha alikuwa amerudi na fundi wake. Mnajua toka lile tamasha la Arusha la Oktoba 2024, walipokusanya Land Rover kuivuka rekodi ya Ujerumani ya magari 632 ya mwaka 2018, na habari zikasema zilizidi elfu moja, watu wamezikumbuka hata zilizolala mabandani. Bwana yule akafungua boneti. Akanyamaza. Ndani mle hamna injini ya Land Rover. Mwaka 2013 ile dizeli ya lita 2.25 ilichoka kabisa, moshi kama tanuri la mkaa, na fundi mmoja wa Korogwe akakereza bamba la kuunganisha gia boksi ya Kiingereza na injini ya Nissan, TD27. Toka siku hiyo halijalala njiani, ndilo limenisomesha mpaka hapa.

"Mzee, hii siyo Land Rover tena," bwana akasema, na akashusha bei zaidi ya nusu. Yaani kile kilicholifanya gari liaminike ndicho kilicholiondolea thamani. Mjomba alikasirika mpaka akamnyima chai, na kwetu kumnyima mgeni chai si jambo dogo.

Mimi huku nikahesabu siku za mwisho za kulipa ada, nikanyamaza. Ningemwambia nini? Uza kwa nusu bei ili mimi nifanye mtihani? Sikuthubutu. Ila niliwaza, sitawaficha.

Jana akapiga tena. Sauti ya mtu aliyeshinda bao.

"Mjomba, unaikumbuka ile injini ya zamani?"

Naikumbuka. Iko nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku, miaka yote hii, kuku wanaitagia juu yake. Yule bwana wa Arusha alipokuwa anatoka aliiona. Akafuta kinyesi kwa leso yake mwenyewe, akasoma namba, akarudi kukaa. Kwake ana 109 isiyo na injini, na hiyo ndiyo anayoitafuta.

"Nimemuuzia injini," Mjomba akasema. "Gari hapana."

Hela imeingia kwenye simu yangu leo saa nne asubuhi, robo tatu ya kinachodaiwa. Iliyobaki amesema itatoka kwa mahindi, maana gulio la wiki ijayo lina mzigo na gari lipo. Kesho naenda kuchukua risiti ya malipo, halafu nawaletea kile kisa cha kafeteria.